Yakini ni Kitu Gani?

Maneno yaliyo mepesi katika ndimi za watu wa miji yetu ni haya: "Mimi nina yakini." Mtu apotewa na pochi sokoni, akamnyoshea kidole kijana aliyesimama karibu naye, na kabla jua halijatua kijana huyo amekwisha kupigwa na jina lake limekwisha kuzungushwa katika simu za mji mzima. Umuulizapo mwenye mali, "Je, ulimuona akichukua?" hujibu, "Sikumuona, lakini nina yakini." Basi twauliza, yakini hii ni kitu gani?

Maulamaa wa usuli walizipima hali za moyo kama mtu apimavyo kwa mizani. Pande mbili za jambo zikiwa sawasawa, hiyo ni shaka. Upande mmoja ukielemea, ule mzito ni dhana na ule mwepesi ni wahamu. Ama yakini, ni pale ambapo upande wa pili haukusalia na kitu. Yule mwenye pochi alikuwa na dhana, na huenda hata dhana hakuwa nayo, ila hasira tu.

Walakini asifikiri msomaji kuwa twataka watu wasitende jambo ila kwa yakini ya hisabu, kama mbili na mbili kuwa nne. Lau ingekuwa hivyo, hapana ambaye angekula chakula cha mwenziwe wala kuabiri chombo. Anayetafuta kibla mahali asipopajua humtosha dhana iliyoshinda. Descartes, mwanafalsafa wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1650, alisema kuna yakini itoshayo kuendeshea maisha, kama vile asiyefika Roma asivyoshuku kwamba mji huo upo. Maulamaa wetu walikuwa wamekwisha kuyaeleza hayo karne nyingi kabla yake katika mlango wa habari za mutawatiri. Na yule atawadhaye mara tatu kwa swala moja kwa kuogopa kuwa udhu umemtoka, huyo hana ucha Mungu wa zaidi, ana wasiwasi. Sharia yamwambia abaki na tohara yake mpaka ajue kwa yakini kuwa imeondoka.

Twende mahkamani. Katika mji wa Boston, Marekani, mwaka 1850 alishtakiwa John Webster, mwalimu wa chuo cha udaktari cha Harvard, kwa kumuua Dakta George Parkman aliyekuwa akimdai fedha. Hapana shahidi aliyeona kuuawa huko. Palipatikana viungo vya maiti penye chumba chake cha kazi, na meno ya bandia ambayo tabibu wa meno aliyatambua kuwa ni kazi ya mikono yake. Jaji Lemuel Shaw akawaeleza waamuzi kwamba yawapasa wafikie yakini ya kimaadili, yaani ile ipatikanayo katika mambo ya wanadamu kwa ushahidi, wala si ya hisabu. Webster akahukumiwa, na kabla ya kunyongwa alikiri. Mwaka 1994 Mahkama ya Juu ya nchi hiyo iliyatia ila maneno hayo, kwa kuchelea wasikizaji wa leo wasije wakafahamu kuwa yatosha mtu kuhisi moyoni pasina kuutazama ushahidi.

Na hilo ndilo lililotupata sisi wenyewe. Mwaka mzima tulimnyima jirani yetu salamu kwa jambo tulilolisikia barazani, mpaka siku ilipobainika kuwa aliyelitenda ni mtu mwingine. Hatukuwa na shahidi hata mmoja, na lau tungeulizwa tungeapa.

Kuna asemaye, "Basi wezi waachwe?" La. Dhana yatosha ufunge mlango wako, na yatosha upeleke shauri kwa wenye kazi hiyo. Haitoshi umpige mtu wala umtaje jina lake. Jambo kila likiwa zito kwa yule litakayemwangukia, ushahidi nao hutakiwa uwe mzito vivyo hivyo. Mali huthibiti kwa mashahidi wawili. Zina haithibiti ila kwa wanne walioona kwa macho, au kwa mtu kukiri mwenyewe, na anayesingizia hupigwa themanini. Hata kadhi, katika madhehebu yetu ya Shafii, akiliona kwa macho yake mwenyewe jambo lenye hadi ya Mwenyezi Mungu, haruhusiwi kulihukumu kwa ujuzi wake peke yake.