Krimu ya Kuazima

Kijana mmoja wa Moshi alikuwa akiosha magari kandokando ya barabara ya Arusha. Sabuni ilimla mikono hadi ngozi ikawa ngumu, ikapasuka kwenye vifundo vya vidole, na usiku akawa anajikuna mpaka shuka linashika damu. Kliniki ya ngozi walimwambia ni ukurutu. Wakampa tyubu ya gramu 30 ya klobetasoli, asilimia 0.05: apake mara moja kwa siku kwa wiki mbili, kisha aache, mafuta ya mgando apake kila anaponawa, na kazini avae glavu. Wiki mbili zilipoisha mikono ilikuwa laini. Dawa iliyobaki, kama nusu, akaitia kabatini.

Dawa inayoponya haraka husifiwa haraka, na sifa zikamfikia mama yake.

"Mwanangu, ile dawa yako ya mikono bado ipo?"

"Ipo kabatini, mama. Kwani una nini?"

"Choa tu, hapa kiunoni."

Siku ya pili mwasho ukatulia. Siku ya tano ile duara nyekundu ikafifia, mama akaacha kupaka. Haikupita wiki, choa kikarudi kipana zaidi. Akapaka tena, kikafifia tena. Klobetasoli ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote zinazopakwa, na kazi yake ni kutuliza kinga ya mwili ndani ya ngozi. Kwenye ukurutu kinga hiyo inapigana bila adui wa kweli, kwa hiyo kuituliza ndiyo tiba. Kwenye choa adui yupo, fangasi hai. Kuizima kinga ni kumlevya mlinzi mwizi akiwa keshaingia ndani. Fangasi wakatambaa hadi kinenani, na ukingo wa choa, ambao hata mtoto huutambua, ukapotea. Muuza duka la dawa alipooneshwa alidhani ni mzio, akamuuzia krimu nyingine: ile ya tatu kwa moja, yenye steroidi kali, dawa ya fangasi na antibiotiki. Krimu hizi hupendwa madukani kwa kuwa hazimdai muuzaji ajue ugonjwa.

Wakati huohuo mama aligundua jambo lingine. Mahali alipopaka palikuwa peupe kuliko pengine. Akajaribu shavuni, na sokoni wateja wake wa vitenge wakamsifu. Mkorogo angeuogopa, tangazo la kupiga marufuku vipodozi vyenye steroidi amelisikia. Ila hii haikuwa kipodozi, ilikuwa dawa ya hospitali.

Ngozi ya mwili si moja. Mwaka 1967 Feldmann na Maibach walipima haidrokotisoni inayopenya ngozini: taya ilipitisha takribani mara 13 ya sehemu ya mkono iliyo kati ya kiwiko na kifundo, na korodani mara 42. Kiganja kilipitisha pungufu kidogo ya mkono huo. Kiasi ambacho mikono ya muosha magari ilikivumilia kilikuwa mafuriko shavuni na kinenani kwa mama. Baada ya miezi kadhaa mashavu yakawa na vimishipa vyekundu, vipele vikazunguka mdomo, jua likawa linamchoma. Kinenani ikatokea michirizi mipana ya zambarau.

Kliniki walikwangua ngozi kidogo, wakaitazama kwa hadubini na kuwaona fangasi. Dawa yao ilikuwepo, na choa kilipona. Kuhusu uso daktari alimwonya kwamba akiacha krimu utawaka zaidi kwa wiki kadhaa kabla ya kutulia, na asithubutu kuuzima moto huo kwa krimu ileile. Michirizi itafifia rangi, lakini haitaondoka.

Mama alirudi nyumbani akatupa kila tyubu aliyoikuta. "Sumu hii isiingie tena humu." Ukurutu wa kijana uliporejea msimu wa vumbi, alikatazwa kupaka chochote ila mafuta. Mikono ikapasuka, vidole vikatunga usaha, akakosa kazi. Mimi naona kosa hili ni zito kama lile la kwanza, ila halizungumzwi: woga nao huwanyima dawa watu wanaoistahili.

Safari hii walikwenda kliniki pamoja. Daktari alitibu usaha kwanza, kisha akaandika klobetasoli ileile, na akamwonesha kijana kipimo: uzi wa dawa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza ni kama nusu gramu, nao unatosha mkono mmoja kuanzia kifundo hadi vidole, mbele na nyuma. Mikono miwili ni gramu moja kwa siku. Wiki mbili ni gramu 14. Akampa tyubu ya gramu 15. Mama alinung'unika njia nzima kwamba tyubu ndogo inauzwa karibu sawa na kubwa.