Umeokoka, Sawa. Na Fedha za Kwaya?

Mwanangu, nimesikia. Mama yako alinipigia simu hata kabla mkutano haujafungwa, nikasikia vigelegele nyuma yake, akaniambia umepita mbele tena, umelia, umeombewa, umeanguka. Bwana asifiwe. Sikejeli, mzee akichoka watu hudhani kila neno lake ni kejeli. Kaa hapo, kunywa chai. Nitazungumza polepole maana kifua changu siku hizi hakinipi nafasi ya kuhubiri.

Ushuhuda wako nao nimeletewa. Ulisema ulikuwa mtu wa dunia, ulitembea gizani, sasa umetoka. Watu wakapiga makofi. Dunia gani, mwanangu? Giza la wapi? Mtu akisema alikuwa gizani, hakuna jirani atakayekuja kesho kumwuliza chochote. Lakini mtu akisema, "Nilikuwa mweka hazina wa kwaya, nikala fedha za spika," hata mtoto wa Sunday school anaelewa ametoka wapi. Usinitazame hivyo. Mtaa mzima unajua, sema wamekustahi.

Sisi wa huku Kagera mambo ya kuokoka tuliyapokea zamani, kutoka Uganda na Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1930. Wazazi wangu walikuwa walokole wa mwanzo mwanzo, nimekulia katika mikutano yao ya ushirika. Chanzo chake wanakitaja hivi: mwaka 1929, pale kilima cha Namirembe, Kampala, walikutana watu wawili. Mmoja ni Simeoni Nsibambi, Mganda, mfanyakazi wa serikali. Mwingine ni Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya Gahini, Rwanda. Huyo daktari alikuwa hoi, Rwanda ilikuwa imepitia njaa mbaya na yeye mwenyewe alikuwa amekauka rohoni. Wakasoma Biblia pamoja, wakaomba. Watu wawili tu, wala hapakuwa na jukwaa.

Lakini anayenigusa mimi zaidi ni Yosiya Kinuka, kwa sababu anafanana nasi. Alikuwa kiongozi wa wasaidizi pale hospitalini Gahini, na hakuwa na raha na daktari wake wala na kazi. Akapelekwa Kampala kwa Nsibambi. Nsibambi akamwuliza habari za hospitali, na Kinuka akafungua gunia la malalamiko: hali mbaya, watu wabaya, huyu hivi, yule vile. Mwenzake akamsikiliza, kisha akamwonyesha kwamba hospitali ni mbaya kwa sababu ya dhambi iliyomo ndani ya Kinuka mwenyewe. Hebu fikiri umesafiri mwendo wote ule kwenda kushtaki, halafu unarudishiwa mashtaka yako. Njiani akirudi Gahini ndipo alipokubali. Akafika kazini mtu mwingine, na wa kwanza kuliona badiliko lake walikuwa wale wale aliokuwa akigombana nao.

Mikutano niliyokulia ndiyo ilikuwa hivyo. Mtu anasimama, anataja kitu kwa jina lake. Jembe la fulani, lipo kwangu. Mbuzi yule hakupotea. Mzungu naye anasimama mbele ya Waafrika anakiri dharau yake, na enzi za ukoloni hilo halikuwa dogo. Kesho yake unamwona mtu barabarani kabeba jembe la watu, uso chini, anakwenda kulirudisha. Nilipokuwa mtoto niliona aibu kwa niaba yao. Sasa naona ndio waliokuwa huru kuliko sisi.

Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, yule aliyefundisha shule kule Dodoma kabla ya uaskofu, alikuwa akisimulia kwamba baada ya kuokoka moyo ulimshtaki kwa sababu ya Mzungu mmoja ambaye yeye mwenyewe alikuwa akimchukia. Akapanda baiskeli, kama maili 50, akaenda kumwomba msamaha. Maili 50, kwa baiskeli, kwenye milima ile! Wewe mwenyekiti wa kwaya yuko hapo nyuma ya mashine ya kusaga. Mwaka 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa na serikali ya Idi Amin, Kivengere alikimbia kwa miguu kupitia milimani hadi Rwanda, na huko ugenini akaandika kitabu kwamba anampenda Amin. Watu walishangaa amewezaje. Mimi nadhani alikuwa ameshazoea tangu siku ya baiskeli.

Najua utakachosema, maana baba yako naye alikuwa na ulimi huo. Utasema damu ya Yesu imeshafuta, kurudisha fedha ni kutaka kuokoka kwa matendo. Soma Luka 19. Zakayo hakuambiwa alipe kwanza ndipo Yesu aingie nyumbani. Yesu aliingia bure. Ila alipokwisha kuingia, Zakayo alisimama mwenyewe akataja nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliowadhulumu. Hakuna aliyemsukuma. Mimi pia sikusukumi, nakuuliza tu mbona wewe ukisimama unataja giza peke yake.

Na nina hofu yangu, nikuambie. Rwanda ndiko moto huu ulikowaka. Hapo Nyamata, Januari 1964, aliuawa mchungaji Yona Kanamuzeyi, mtu wa uamsho huo, akaenda na wauaji wake bila chuki. Hapo hapo Nyamata, mwaka 1994, watu walikimbilia kanisa Katoliki wakachinjwa ndani yake, na nchini kote waliochinja na waliochinjwa wengi walikuwa wamebatizwa, wengine waliimba pamoja. Nimekaa na jambo hilo miaka yote hii na sina jibu la kukupa. Ninachokijua ni kwamba machozi ya mkutanoni si kinga. Tulikuwa na nyimbo za kutosha.

Kunywa, chai inapoa.

Sikutaki uwe malaika kesho. Nikodemo alikwenda kwa Yesu usiku, akaambiwa habari za kuzaliwa mara ya pili, akaondoka bila kusema ameelewa. Baadaye barazani akamtetea kwa neno moja, wakamzomea, akanyamaza. Halafu siku ya msalaba, wanafunzi wamekimbia, ndipo anatokea na manemane na udi, ratli mia hivi, mchana watu wanamwona. Yohana hatuambii aliokoka siku gani. Kwa hiyo mimi nawe sikati tamaa, ingawa mama yako amechoka, na mimi nimechoka zaidi yake.

Basi. Usingoje Jumapili ukatoe ushuhuda mwingine. Nenda leo jioni kwa mwenyekiti, amerudi shambani. Usianze na "Bwana asifiwe" ndefu. Taja kiasi. Kama daftari unalo bado, lichukue; kama ulilichoma, sema ulilichoma. Hawezi kukupiga, ana mgongo. Atakasirika, na ana haki. Mwambie utalipa kwa mwezi kiasi gani, na kiwe kiasi unachokiweza, usije ukaahidi kwa kelele za mkutano. Yule binti mliyeimba naye sauti ya pili, aliyesingiziwa yeye akaacha kwaya, kwake uende na mama yako, maana peke yako watakufungia mlango. Huyo ndiye mzito. Fedha ni nyepesi.

Yule ng'ombe wangu mdogo usimtaje, simuuzi kwa ajili yako. Lakini kama unaogopa kwenda peke yako kwa mwenyekiti, ngoja nitafute fimbo yangu.