Amri kwa Kasuku ni Ahadi

Mwanangu, umepania kumfunza kasuku wako michezo: apande mkononi ukimwambia "Panda", azunguke ukimwambia "Geuka". Nia yako ni njema. Ila kabla hujamfunza neno la kwanza, shika hili: amri unayompa ndege ni ahadi. Ukisema "Panda", umemwahidi kwamba mkono wako ni salama na kwamba malipo yapo. Na ahadi ni deni.

Kwanza, ndege awe wa halali. Kasuku wa kijivu wamenaswa kwa wingi katika misitu ya Kongo, hata mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zikakubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wa porini. Ukiwa Kenya, chukua kibali cha Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS).

Akifika nyumbani, mpe muda akuzoee. Msome mwili. Mboni za macho zikisinyaa na kutanuka upesi upesi, na manyoya ya shingo yakisimama, usipeleke mkono, atakudonoa. Akisaga mdomo taratibu, manyoya yamelegea, ametulia.

Kisha chagua malipo: mbegu moja ya alizeti au kipande cha karanga isiyo na chumvi. Viondoe katika chakula chake cha kila siku, avipate kwenye somo tu. Lakini usimshindishe njaa ili akutii. Na parachichi usimpe kabisa, wala chokoleti, ni sumu kwake.

Anza na "Panda". Weka kidole mbele ya kifua chake, juu kidogo ya miguu, na mbegu uishike nyuma ya kidole. Atanyoosha shingo, kisha atainua mguu. Vidole vyake viwili vya mbele na viwili vya nyuma vikikukamata tu, sema "Vyema!" na mbegu ifuate papo hapo. Ukichelewa akageuza kichwa, utakuwa umemlipa kwa kugeuza kichwa. Akishazoea, ndipo utangulize neno. Neno liwe lile lile. Leo "Panda", kesho "Njoo juu", utamchanganya. Na wote nyumbani walitumie hilo hilo.

Kwa "Geuka", izungushe mbegu polepole pembeni mwa kichwa chake. Mwanzo mlipe kwa robo ya mzunguko, baadaye nusu, mwisho mzunguko mzima.

Dakika tano hadi kumi kwa somo zinatosha. Acha angali anataka kuendelea. Akikataa, mwache, usimsukume kwa kidole, usimfokee, usimpige. Ukimlazimisha mara moja, "Panda" itageuka neno la hofu, na kulisafisha neno lililochafuka ni kazi kubwa kuliko kufundisha jipya.

Wako waliotutangulia katika hili. Mwaka 1977 mtafiti Irene Pepperberg alimnunua kasuku wa kijivu katika duka la wanyama Chicago, akamwita Alex. Hadi anakufa mwaka 2007, Alex aliweza kutaja vitu, rangi na maumbo, na kuhesabu hadi sita. Malipo yake yalikuwa nini? Akitaja kitu sawasawa, alipewa kitu hicho hicho alichokitaja. Neno na malipo vilikwenda pamoja, ndiyo maana neno lilikuwa na maana kwake. Na akichoka, aliweza kusema kwamba anataka kurudi tunduni. Nawe mpe wako nafasi ya kukataa.

Mwisho, kasuku wa kijivu akitunzwa vizuri huweza kuishi miaka 40 hadi 60. Huenda siku moja safari, ndoa au umri vikakulazimu kumkabidhi mtu mwingine. Siku hiyo usikabidhi tundu na ndege peke yake. Mwandikie mrithi wako kila neno ulilomfunza na malipo ya kila neno, naye aendelee kulilipa deni ulilolianzisha wewe.