Thamani ya Neno Litafutwalo

Je, ni haki mwandishi kuuliza kwanza watu wanatafuta nini, ndipo ashike kalamu? Swali hili halikuwa zito kwangu mpaka kijana mmoja, jirani yangu hapa Rusimbi, aliponionyesha jinsi apatavyo riziki. Kijana huyu ana tovuti. Mwanzo aliandika habari za mawese, migebuka na miembe ya Ujiji, akaweka pembeni matangazo ya biashara ambayo Google huyaleta na kugawana malipo yake na mwenye tovuti, kwa mpango ulioanza mwaka 2003. Wasomaji walikuwa haba, na fedha haba zaidi. Ndipo akajifunza kutumia vyombo vya kupima maneno yatafutwayo, ambavyo hutolewa bure.

Alinionyesha viwili. Cha kwanza, Google Trends, hakisemi ni watu wangapi waliotafuta neno. Huonyesha tu kupanda na kushuka kwa hamu yao katika kipimo cha 0 mpaka 100. Cha pili, Keyword Planner, hutaja makadirio ya utafutaji kwa mwezi, pamoja na bei ambayo watangazaji huwa tayari kuitoa. Na asiyenunua matangazo hupewa makadirio mapana, kama vile 100 hadi 1,000. Yafaa kukumbuka kwamba chombo hiki hakikuundwa kwa ajili ya waandishi. Kiliundwa kwa ajili ya wanunuzi wa matangazo, nacho ni cha bure kama kionjo cha muuza halua kilivyo cha bure. Bei zake ni bei za mnada. Neno la bima au la mkopo, likiwa la Kiingereza, hugombewa na matajiri. Nani atalinadi neno la Kiha? Jina la Rusimbi alipoliandika, chombo kilinyamaza.

Wapo watakaosema kwamba kuandika kwa kufuata kipimo hiki ni uchuuzi wa maneno. Sikubali upesi. Mvuvi wa Kibirizi huwasha taa yake usiku wa giza kwa sababu anazijua tabia za dagaa, na mwezi ukiwa mpevu hupumzika. Wala hapana amwitaye mlaghai. Vivyo hivyo, mtu akijua kwamba wengi wanauliza jinsi ya kupika sabuni ya mawese, akawaeleza vema, amewatendea hisani. Mwandishi asiyejali kama yuko msikilizaji ana majivuno yake pia. Mfano huu wa mvuvi ulinitosha siku mbili tatu, kisha ukanisaliti: dagaa hafuati taa kwa faida yake mwenyewe.

Ujiji ililijua jambo hili kabla ya intaneti. Mwaka 1869 James Gordon Bennett, mwenye gazeti la New York Herald, alimwagiza Stanley amtafute Livingstone, kwani alijua jina lile lingeuza gazeti. Stanley akafika Ujiji mwaka 1871. Salamu anayosifiwa nayo ilienea duniani, na huku kurasa za shajara yake zihusuzo mkutano ule zimekutwa zimechanwa. Sina haja ya kumhukumu. Nilitazamalo ni hili: mpaka leo, atafutaye habari za Ujiji humkuta Stanley mlangoni. Susi na Chuma, ambao pamoja na wenzao waliuchukua mwili wa Livingstone mpaka pwani baada ya kufa kwake mwaka 1873, hutajwa kwa mkato. Na wenyeji waliowauzia chakula wageni hao hawatajwi hata kwa mkato. Neno lililotafutwa jana huandikwa leo, na kwa kuwa ndilo lililoandikwa, ndilo litakalotafutwa kesho. Chombo cha jirani yangu huuhesabu mzunguko huo kwa uaminifu, lakini hakiwezi kuuhesabu ukimya ulio nje yake. Watu wa Rusimbi huulizana mambo yao kwa mdomo, barazani na sokoni, na pale hapana mashine ya kuandika.

Hata hivyo si ukimya uliomtia kijana mashakani. Chombo kilimwambia kwamba wengi hutafuta dawa ya degedege. Yeye si tabibu. Alikusanya maneno ya huku na huku, akataja majani ya kuchemsha na namna ya kumwogesha mtoto, akachapisha. Ukurasa ule ukamletea fedha kuliko kurasa zake zote za miembe na migebuka. Jioni moja mama mmoja wa mtaani alikuja kwake, mtoto mgongoni akiwaka homa, kuuliza majani yale yapatikana wapi. Kijana hakujua. Alikodi pikipiki, wakaenda Hospitali ya Maweni. Mtoto alipona, na sifa ya kupona kwake si ya kijana.

Aliponisimulia, nilidhani atavilaumu vyombo vyake. Hakuvilaumu, na naona alikuwa na haki. Chombo kilimweleza ukubwa wa kiu. Hakikudai kwamba kisima chake kina maji. Kosa lilikuwa katika hatua ile fupi kati ya kujua kwamba watu wanauliza na kujidhania kuwa unalo jibu. Hatua hiyo huifupisha fedha, kwa sababu malipo huja msomaji afikapo, kabla hajajua kama alilolisoma ni kweli. Muuza unga mbovu hurudishiwa gunia lake. Muuza maneno kama haya harudishiwi kitu, maana mnunuzi ni mtangazaji, naye alichonunua ni macho ya msomaji tu.

Kijana aliufuta ukurasa ule, akaacha sentensi tatu: kwamba degedege ni ugonjwa wa hatari, kwamba mtoto apelekwe hospitali mara moja, na kwamba asinyweshwe kitu akiwa hana fahamu. Matangazo aliyaondoa. Wasomaji bado huja, wengi usiku. Juzi aliniuliza kama ni halali sasa kuyarudisha matangazo, maadamu yaliyoandikwa pale ni kweli. Nilimjibu kwamba ni halali. Hakuyarudisha.