Ngoma na Machozi

Wako watu wasemao hivi: machozi yana mahali pake, na ngoma ina mahali pake, mtu mwenye adabu havichanganyi. Mwenye kulia aachwe alie, na mwenye kucheza aende akacheze mbali. Usemi huo una heshima ndani yake, wala hatutaki kuudharau. Lakini je, ni kweli siku zote? Tutazame kwanza mambo yaliyotendeka kwetu katika jimbo la Tshopo, ndipo tuamue.

Mjini Kisangani kuna chama cha wasanii kiitwacho Studios Kabako. Aliyekianzisha ni Bwana Faustin Linyekula, mzaliwa wa Ubundu. Alikianzisha Kinshasa mwaka 2001, na mwaka 2006 akakihamishia Kisangani. Kabako ni jina la rafiki yake aliyekufa kwa ugonjwa wa tauni. Basi tangu jina lake, kazi hii ina kumbukumbu ya marehemu ndani yake. Wasanii hao huunganisha muziki upigwao mbele ya watu, maneno yaliyoandikwa, uchezaji, na mara nyingine picha za sinema.

Mwaka 2009 walitoa mchezo uitwao more more more… future. Mpiga gita alikuwa Flamme Kapaya, fundi wa ndombolo, ambaye zamani alipiga katika bendi ya Werrason. Mashairi yaliandikwa na Antoine Vumilia Muhindo, rafiki wa Linyekula tangu ujana, ambaye alikuwa amefungwa katika gereza la Makala, Kinshasa. Mtu alikuwa ndani ya kuta, na maneno yake yalikuwa nje, yakiimbwa kwa magita makali, na watu wakicheza.

Mwenye kupinga atauliza: Je, si dhihaka hiyo? Mfungwa ateseka, nao watingisha viuno?

Tumjibu kwa kukumbuka historia ya muziki wetu. Joseph Kabasele alianzisha African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ikafuata mwaka 1956. Tangu hapo neno jazz kwetu likawa jina la bendi ya kuwafurahisha watu. Hata hivyo, mwaka 1960, viongozi walipokutana Brussels kuzungumza juu ya uhuru, African Jazz walitunga Indépendance Cha Cha, wakataja ndani yake majina ya viongozi wale. Wimbo wa kucheza ukachukua habari ya nchi nzima, wala hakuna aliyesema kwamba uhuru umedhihakiwa.

Baadaye ilikuja desturi ya mabanga, nanyi mwaijua. Mwenye fedha humlipa mwimbaji, na jina lake huitwa katikati ya wimbo. Anayelipa hutajwa. Je, asiye na kitu atatajwa na nani? Hapo ndipo penye uzito wa mchezo ule wa mwaka 2009. Gita lilelile la ndombolo, lililozoea kuwasifu wenye mali, lilibeba maneno ya mtu asiyeweza kulipa hata senti moja. Hiyo si dhihaka. Ni kumrudishia maskini sehemu yake.

Tena sisi Wakristo tusijifanye wageni katika jambo hili. Katika mchezo wao mwingine, uitwao Dinozord, zilisikika sauti za Kwaya ya Charles Lwanga ya Kisangani. Misa ya wafu huimbwa, na matanga yetu hayakosi nyimbo usiku kucha. Nani amewahi kusema kwamba kwaya yamcheka marehemu? Wimbo humsaidia aliaye asilie peke yake.

Hata hivyo, mpinzani wetu hajashindwa kabisa. Iko hatari ya kweli, nayo ni hii: maumivu ya mtu yanaweza kuwa bidhaa ya mwingine. Mtazamaji hulia kidogo, hupiga makofi, huenda kulala. Na aliyeumia hubaki vilevile. Tutajuaje tofauti?

Tutazame mfano wa pili. Tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wa Kisangani. Mamia ya raia walikufa, na zaidi ya 1,000 walijeruhiwa. Wengi walibaki bila mguu au bila mkono. Mwaka 2020 Bwana Dieudo Hamadi, mzaliwa wa Kisangani, alitoa sinema iitwayo En route pour le milliard. Humo twawaona walemavu wa vita vile wakishuka mto kwa mashua mpaka Kinshasa, mwaka 2018, kudai fidia. Tena twawaona jukwaani, wakiigiza na kuimba mateso yao wenyewe. Hakuna aliyeyaazima machozi yao. Na safari yao haikuishia kwenye makofi. Iliwafikisha Kinshasa kudai haki yao. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya The Hague iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325 kwa madhara iliyoyafanya Kongo. Hatusemi kwamba sinema ndiyo iliyoleta hukumu hiyo. Kesi ilikuwa imeanza zamani, mwaka 1999. Twasema tu kwamba waliocheza na kuimba hawakusahau kudai haki.

Basi, yafaa tupime kwa maswali matatu. Kwanza: je, mwenye maumivu amekubali, na sauti yake yasikika? Pili: je, jina lake latajwa kwa heshima, au amefanywa kichekesho? Tatu: je, mtazamaji aondoka na wajibu, au na starehe tu?

Maswali haya hayawahusu wasanii wa mjini peke yao. Kule Bafwasende, kwenye barabara ya Kisangani kwenda Nia-Nia, vijana wana magita, nao wana simu zipigazo picha. Na Bafwasende haikukosa machozi, tangu maasi ya Simba ya mwaka 1964 hata vita vilivyofuata. Wazee waliyoyaona hayo wazidi kupungua kila mwaka. Kijana anayempiga picha majeruhi barabarani ili wenzake wacheke ametenda dhambi juu ya mwenzake, hata kama muziki wake ni mzuri. Lakini kijana anayeketi karibu na mzee, akamwomba ruhusa, akayaandika maneno yake, akayatia katika wimbo na kuyaimba mbele ya wanakijiji wote, huyo ametenda tendo la huruma. Wazazi wasimkataze kwa sababu tu ameshika gita. Wamuulize maswali yale matatu. Akiyajibu vema, wamwache apige.