Bustani na Ua Wake

Amma baad. Enyi ndugu, mwenye bustani mbili aliyetajwa katika Suratul Kahf alidhani hazitaangamia kamwe, naye akaziona zimeporomoka pamoja na chanja zake.

Itazameni Shinyanga. Miti ilikatwa kwa kufukuza mbung'o na kulima pamba, hata nchi ikaitwa jangwa. Ilipoanza kazi ya HASHI mwaka 1986, Wasukuma walirejezwa kwenye desturi ya wazee wao, ngitili: malisho hufungwa wakati wa mvua, mifugo isiingie, yakafunguliwa kiangazi. Zikafufuka zaidi ya hekta 300,000; na sehemu kubwa haikupandwa na mtu, ilizuiliwa tu ikaota.

Siku za neema ndizo mvua za moyo, nazo ndizo siku tamaa huchungia humo bila mchungaji. Mkimkuta Geita mchimba dhahabu aliyepata jana akamaliza jana, mwulizeni usiku wake ulikuwaje.