Mna Nini Ndani ya Nyumba?



Huku kwetu Meru mkulima wa majani chai hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, na sehemu kubwa iliyobaki humfikia mara moja kwa mwaka, kwa kawaida mwezi wa Oktoba. Ndiyo ile tunayoita bonasi. Nimekuwa katekista kwa miaka 16, na nawaambieni kwamba mwezi wa Novemba wazee wa kigango chetu husikiliza kesi nyingi za ndoa kuliko mwezi mwingine wowote. Bwana huvaa koti, husema anakwenda benki, na hurudi siku ya nne. Bibi yake amechuma majani mwaka mzima, kikapu mgongoni, mvua na baridi juu yake. Akaunti ni ya jina la bwana. Hata kiasi kilicholipwa mama huyo hukisikia kwa jirani kituoni.

Mara nyingi tunapofundisha wachumba husema mengi juu ya uaminifu wa kitandani. Uaminifu wa mfukoni tunaupitia haraka haraka. Hata mimi nimeupitia haraka, na nitawaambia sababu.

Fungueni Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4. Mjane anamlilia nabii Elisha. Mume wake amekufa, na mdai anakuja kuwachukua watoto wake wawili wawe watumwa. Nabii hakutoa mfuko wa fedha. Alimwuliza mama huyo ana kitu gani nyumbani. Akajibu kwamba hana kitu, ila chupa ya mafuta tu. Basi nabii akamtuma aazime vyombo kwa majirani, tena si vichache, ajifungie ndani pamoja na wanawe na kumimina. Mafuta yakajaza vyombo vyote. Kisha akaambiwa ayauze, alipe deni kwanza, na kinachobaki wakile yeye na watoto.

Nimehubiri habari hii mara nyingi kama muujiza wa mafuta. Siku hizi naisoma kwa namna nyingine. Marehemu huyo alikuwa mtu wa manabii na mcha Mungu. Hakuwa mlevi, hakuwa mzinzi. Hata hivyo alikufa akaacha deni la kuuza watoto. Maandiko hayatuambii kama bibi yake alilijua.

Mimi pia ni mcha Mungu, au hivyo ndivyo watu wanavyoniona. Mwaka 2019 kulikuwa na harambee ya mtu wa ukoo. Niliona haya katekista kutoa 500 mbele ya watu, nikakopa shilingi 6,000 kwa simu usiku, bibi yangu amelala. Ada ilikuwa 7.5% kwa siku 30, yaani 450. Nilijiambia ni kidogo. Siku 30 zilipofika sikuwa na fedha, nikakopa kwingine kulipa kule kwa kwanza, na mwezi uliofuata hivyo hivyo. Mwezi wa nne deni lilikuwa limepita 8,000. Nikamuuza mbuzi wetu wa maziwa kwa 9,000, nikamwambia Mama Kendi kwamba mbuzi huyo alikuwa na ugonjwa.

Ugonjwa ulikuwa wangu. Aligundua baada ya wiki mbili, aliposhika simu yangu na kukuta ujumbe wa mdai. Hakupiga kelele. Alikwenda jikoni akaleta mkebe uliokuwa chini ya unga, akamwaga juu ya meza shilingi 7,300. Alikuwa anaziweka tangu mwaka uliotangulia na hakuniambia, kwa sababu, alisema, fedha nikizijua hazilali.

Tazameni nyumba hiyo. Bwana anaficha deni, bibi anaficha akiba, wote wawili wanapokea Komunyo kila Jumapili. Kama tungaliketi pamoja ile jioni ya harambee, mbuzi asingeuzwa. Mama Kendi angenipa 500 na kuniambia niende hivyo hivyo na haya zangu.

Sisemi kwamba kila mama anayeficha akiba ametenda dhambi. Ziko nyumba ambako mkebe uliofichwa ndio uliowaweka watoto shuleni. Bwana anayetaka bibi yake aache kuficha, aanze yeye kwa kufungua mfuko wake.

Basi fanyeni kama nabii. Jioni moja watoto wakilala, chukueni daftari. Andikeni kwanza madeni yote, hata lile la duka, hata lile la simu. Ukurasa huu ndio mgumu, na wengine wenu mtahitaji kuomba kabla ya kuufungua. Kisha andikeni kilichomo nyumbani: kuku, jembe, cherehani, robo ekari, mabati saba yaliyobaki, mikono inayojua kushona. Mjane alisema hana kitu, kumbe alikuwa na mafuta. Nimeketi na familia nyingi zilizoniambia hazina kitu, na ukurasa ukajaa.

Lipeni kwanza deni linalokula sana. Hesabu ni hii. Vyama vingi vya akiba na mikopo hutoza 1% kwa mwezi juu ya salio. Kama ningekopa zile 6,000 huko na kulipa sehemu sawa kwa miezi 12, riba ya mwaka mzima ingekuwa 390. Mimi nilitozwa 450 kwa mwezi mmoja! Lakini huko lazima uwe umeweka akiba kwanza. Vyama vingi humkopesha mwanachama hadi mara tatu ya akiba yake, na hudai wadhamini. Juu ya udhamini nasema neno moja: usimtilie mtu sahihi kabla mwenzako hajajua, maana mtu huyo akishindwa, inayokatwa ni akiba ya watoto wenu wote wawili.

Wenye kipato kidogo sana wasingoje kuwa na mengi. Shilingi 50 kwa siku ni 18,250 kwa mwaka. Peke yako utazila. Kwa hiyo azimeni vyombo kwa majirani, yaani jiungeni. Akina mama wa Kenya walilijua jambo hili zamani. Miaka ya 1960 na 1970 walichangiana kununuliana mabati, nyumba moja baada ya nyingine, hata vikundi vyao vikaitwa vya mabati. Viko pia vikundi vya sanduku, ambavyo baadhi ya dayosisi zetu zimevieneza: watu 15 hadi 25 wanaofahamiana, sanduku lenye kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti, fedha zikihesabiwa mbele ya wote. Hukopeshana wao kwa wao, na baada ya mwaka hivi hugawana akiba pamoja na faida. Jumuiya ndogo ndogo inayokutana kila wiki kusali Rozari tayari ina watu wanaofahamiana. Ila fedha za kikundi zisichanganywe na sadaka, na mwenyekiti wa jumuiya asishike ufunguo kwa kuwa tu ni mwenyekiti.

Padre atanisamehe kwa neno hili: usikope ili kutoa mchango wa kanisa.

Na mkipata kitu, kiandikwe kwa majina mawili. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inasema kwamba katika ndoa ya mke mmoja, kama ilivyo ndoa yetu takatifu, mali ya ndoa haiwezi kuuzwa, kutolewa zawadi, kukodishwa wala kuwekwa rehani bila wote wawili kukubali. Sheria hiyo huhesabu kuwa mchango kazi za nyumbani, kulea watoto na kazi ya shamba. Yule mama mwenye kikapu mgongoni amechangia, hata kama jina lake halimo katika akaunti. Nendeni benki pamoja kabla ya Oktoba, mfungue akaunti ya sahihi mbili. Baba Mtakatifu Leo wa 13 aliandika tangu mwaka 1891, katika waraka Rerum Novarum, kwamba mfanyakazi mwenye ujira wa kumtosha yeye, mke na watoto, akitumia kwa kiasi, ataweza kuweka kitu na kujipatia mali kidogo. Hakufikiria kitu hicho kikifichwa chini ya unga.

Mama Kendi nami tulilifungua daftari letu siku ya Jumapili, saa tatu usiku. Ukurasa wa madeni niliuandika mimi, na mkono ulitetemeka. Zile 7,300 alizirudisha mkebeni mbele yangu, nami sikuzigusa. Mbuzi mwingine tulimnunua Agosti 2021. Katika daftari ameandikwa kwa jina la Mama Kendi.